GPS ikizima kati ya Mwanza na Ukerewe

Simu ikiisha chaji katikati ya ziwa, watu hukimbilia kuuliza kaskazini ni wapi. Mimi nauliza kwanza: mara ya mwisho tulijua tuko wapi, na saa ngapi? Asiye na jibu hilo, dira haitamfaa sana. Kwa hiyo tangu mnapoondoka mwaloni Kirumba (kituo cha boti ufukweni Mwanza), daftari na penseli viwe jirani na usukani (wino ukilowa haubaki kitu). Kila nusu saa andika saa, namba za GPS (latitudo na longitudo), uelekeo wa dira na mwendo, ili GPS ikizima ukadirie mmefika wapi.

Mwendo unapimwa kwa kijiti. Wa mbele akidondoshe majini pembeni mwa ncha ya boti na kupaza sauti; wa nyuma ahesabu sekunde mpaka kimfikie. Gawa urefu wa boti kwa sekunde hizo, zidisha kwa 3.6. Boti ya mita 9, sekunde 3: kilomita 10.8 kwa saa. Ukihesabu 4 kimakosa unapata 8.1, ndiyo maana inapimwa mara tatu na kuchukua wastani.

Dira ikae walau mita moja kutoka kwenye injini, betri, redio, nanga na simu yenyewe, kwani spika yake ina sumaku. Ukishuku kitu, kisogeze taratibu. Sindano ikicheza, umempata mchawi. Kosa la nyuzi 5 kwa kilomita 40 linakutupa kilomita 3.5 pembeni.

Ndiyo maana usilenge mwalo wenyewe. Lenga kushoto kwake makusudi, kilomita nne au zaidi, ili kupita kosa hilo; ukiiona nchi kavu, unajua pa kugeukia ni kulia. Aliyelenga katikati akakosa, hajui aende upande gani.

Usiku, sahau Nyota ya Kaskazini: Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini ya ikweta, haionekani. Nyota tatu za mkanda wa Orioni, zilizopangana mstari, huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili, ila zikiwa utosini hazikuambii kitu. Msalaba wa Kusini (nyota nne zenye umbo la msalaba) ukisimama wima, mguu wake uko juu ya kusini.

Na ule mstari wa taa unaofanana na mji? Upime uelekeo wake kwa dira, subiri dakika kumi, upime tena. Taa zikitawanyika au kusogeana, hao ni wavuvi wa dagaa. Wasogelee polepole, nyavu ziko majini, uwaulize njia.