Seladoni ya Bagamoyo: kijani kimetoka, na sahani imelia

Kijani kimetoka! Rangi ya seladoni, ileile ya vyombo vya Kichina vilivyofika Kaole, mji wa kale ulio karibu na Bagamoyo, karne nyingi zilizopita, sasa iko kwenye sahani niliyofinyanga uani kwangu. Kila anayepita namwita aje kuiona.

Mradi wangu ni huu: kutengeneza sahani ya sini kama zile zilizoaminika kufichua sumu. Masultani wa Uturuki walijaza seladoni katika jumba la Topkapı, Istanbul, na imani ilikuwa kwamba chakula chenye sumu kikipakuliwa humo, sahani itabadilika rangi au itapasuka. Waonjaji walikuwepo pia, lakini mwonjaji anakulinda hadi pale alipoonja tu. Roma, mwaka 55, kinywaji cha Britannicus, mwana wa mfalme, kilionjwa kikiwa salama. Akakirudisha kwa sababu kilikuwa cha moto mno, kikaongezwa maji baridi, na sumu ilikuwa ndani ya hayo maji. Naelewa kabisa kwa nini mfalme alitaka chombo chenyewe kiwe mlinzi, kikae na chakula mpaka tonge la mwisho.

Sasa hiyo rangi. Glezi, yaani ganda la kioo linaloifunika sahani, ni ya madini ya feldispa sehemu 40, silika 30, unga wa makombe ya pwani 20 na kaolini, udongo mweupe, ya Pugu 10, ukiongeza kutu ya chuma asilimia 1.5. Hesabu haikuwa na kasoro, lakini sahani zilizidi kutoka za kahawia, tanuri baada ya tanuri. Gesi inakwisha, usiku unakwisha, ukifungua asubuhi unakuta kahawia! Kuna siku niliapa kuligeuza tanuri lile jiko la kuchomea mikate.

Iliyofumbua fumbo ni sahani moja iliyotoka nusu kijani, nusu kahawia. Upande wa kahawia ulikuwa umeelekea bana, kile kichomeo cha gesi. Kumbe hewa ilikuwa inavutwa kupitia mwanya unaoizunguka bana, na chuma kikipata hewa kinashikilia oksijeni yake yote na kubaki na ukahawia. Kijani kinataka moto wenye njaa ya hewa, moto unaomnyang'anya chuma oksijeni. Nikauziba mwanya ule kwa udongo, nikabakiza upenyo mdogo. Bomba la moshi nikaanza kulibana kwenye nyuzi joto 950, kabla glezi haijaanza kuyeyuka, maana ikishayeyuka inajifunga na moshi haukifikii chuma tena. Nilipozima nikaziba kila tundu mpaka wekundu ukaisha ndani. Mwenye kujaribu afanye nje, penye upepo. Hewa ya tanuri lililobanwa inaua bila harufu.

Na nasisitiza: kipimajoto cha dijitali kinafaa kukuonyesha unakoelekea, lakini wa kukuambia umefika ni koni, kijipande cha udongo kinachowekwa tanurini pamoja na vyombo. Koni inayeyuka kwa joto na kwa muda, kama glezi yenyewe. Tanuri la umeme nalo kwa kazi hii silitaki, hata nikipewa bure.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuijaribu sahani kwa siki, ndimu na maji ya majivu, nione kama itabadilika. Nimeiacha, kwa sababu mchana nilipakua humo mchuzi wa samaki wa nazi, wa moto, na sahani ikalia. Ting! Kisha tena, ting, ting. Glezi hii inasinyaa kuliko udongo wake inapopoa, kwa hiyo inakaa imevutika, na joto la ghafla likaipasua mistari myembamba kama nywele. Nilipoiosha, binzari ilikuwa imezama kwenye mistari hiyo, na kijani changu kimepitiwa na nyuzi za manjano.

Imepasuka na imebadilika rangi, kwa mchuzi wa samaki aitwaye changu na nazi!

Siwezi kuacha kumfikiria mpishi wa mfalme. Kijiko cha fedha cha wafalme wa Joseon, Korea, angalau kilikuwa na kemia ndani yake: fedha huwa nyeusi ikikutana na salfa, na aseniki, ile sumu, ikiwa chafu kama ya zamani ilibeba salfa. Lakini hata kiini cha yai lililochemshwa kinakitia weusi, na aseniki iliyosafishwa kinaipita bila kuiona. Mpishi asiye na hatia angejitetea vipi mbele ya sahani iliyolia, au kijiko kilichoguswa na yai?

Kwa hiyo sahani kubwa ya karamu niliyokusudia kutengeneza inasubiri. Nimefinyanga vibakuli viwili viwili: kimoja glezi ya silika 30, mwenzake silika nimeipandisha hadi 35 ili asinyae kidogo na asipasuke. Vyote vitapewa mchuzi mmoja, joto moja, na simu ikirekodi sauti. Vinakauka kivulini sasa. Mtungi wa gesi umebaki robo, kwa hiyo kuchoma ni mwisho wa mwezi.