Na Jiwe la Kakamega Hadi Nakuru

Matatu ilitoka steji ya Kisumu alfajiri. Mwanafunzi wangu wa uzamili alikaa kando yangu, bango lake la utafiti limeviringwa ndani ya bomba la plastiki, mapajani ana jiwe lililofungwa kwa gazeti. Tulikuwa tunaelekea Nakuru, kwenye mkutano wa jiokemia, yaani kemia ya miamba na ardhi, kuhusu namna madini yanavyoumbika ardhini.

Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, mama mmoja aligeuka akauliza jiwe hilo ni la nini.

"La Kakamega, mama," binti akajibu, akalifungua. Kwatzi nyeupe, yenye punje zinazometa za pairaiti, madini ya chuma na salfa. Akamweleza: zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, maji moto yenye salfa yalipanda kwenye nyufa za miamba salfa hiyo ikiwa ndiyo inayoibeba dhahabu majini. Yalipokutana na mawe yenye chuma kingi, chuma kikaichukua ile salfa, ikawa pairaiti. Dhahabu ikakosa wa kuibeba, ikabaki pale pale.

"Kwa hivyo hii inayong'aa siyo yenyewe?"

"Siyo, mama. Ila ni jirani yake."

Dhahabu hiyo ndiyo iliyowavuta Wazungu Kakamega miaka ya 1930, mgodi wa Rosterman ukachimbwa.

Baada ya Kericho, baridi ya Mau Summit ikatuingia, na mazungumzo yakageukia pesa. Waliomfadhili mwanafunzi wangu walikubali kulipa ada, nauli na malazi, lakini baada ya safari, kwa risiti. Mtu asiye na mshahara atatanguliza nini? Walimu tulichanga. Ufadhili wa namna hiyo humwacha nyuma mtoto wa maskini kabla hajapanda gari, na mara nyingi huyo ndiye anayeyajua mawe ya kwao.

Nakuru, mtafiti mmoja mzee aliinama mbele ya bango la mwanafunzi wangu muda mrefu. "Isotopu za salfa umezipima?" akauliza, yaani atomi za salfa zinazotofautiana kwa uzito.

"Bado, Profesa. Chuoni hatuna mashine."

"Basi niletee sampuli."

Wakakaa chini, wakachagua zipi zitangulie: za kwenye ufa wenyewe, kisha za mwamba wa pembeni. Barua pepe za awali za binti kwa maabara mbalimbali hazikuwa zimejibiwa.

Jioni niliwapigia wenzangu wa idara: mchango ule tuufanye mfuko wa kudumu, na pesa zitoke kabla ya safari. Wawili wamekubali. Wa tatu anataka kwanza tuandike masharti, na nimeshaanza kuyaandika.