Funga daftari kwanza: nilivyowatoa kidato cha tatu kwenye kukariri

Kama kuna ushauri ulionichosha kwenye vikao vya walimu ni ule wa "waambie wasome kwa bidii". Bidii wanayo. Pita prepo saa mbili usiku utawakuta wameinamia notsi, midomo inacheza, kurasa zimepakwa njano na waridi kama kanga ya harusi. Kesho yake uliza swali moja, darasa kimya. Kusoma ukurasa uleule mara ya tano kunaleta mazoea, na mwanafunzi anayahesabu mazoea hayo kuwa ndiyo kujua. Jicho linaitambua sentensi, lakini kichwa hakiwezi kuitoa.

Nafundisha Jiografia hapa Moshi, darasa la watu sitini na kitu. Ninachofundisha Februari kidato cha tatu kinaweza kuulizwa kwenye mtihani wa taifa Novemba ya mwaka unaofuata, miezi 21 baadaye. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba ikishapita siku moja tu, kuirudia orodha aliyokwisha kuijua kulimwokolea kama asilimia 34 tu ya muda wa awali; karibu theluthi mbili ilibidi aitumie upya. Hiyo ni siku moja. Nikaacha kuhubiri bidii, nikaanza kuwafundisha kufunga daftari na kulitoa jambo kichwani, tena baada ya kupitisha siku katikati. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; darasani kwangu daftari ndilo lililokuwa linaipoteza.

Sehemu rahisi ni dakika saba za mwanzo wa kipindi. Daftari limefungwa, ubaoni kuna maswali manne: mawili ya kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wanajibu kurasa za nyuma za daftari, kisha wanajisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Simpi mtu maksi. Ukiweka maksi tu, shingo zinaanza kurefuka kwenda kwa jirani, na unabaki unapima nani kakaa karibu na nani. Wakikosa zaidi ya nusu ya darasa, nafuta maswali na kufundisha upya, maana huwezi kukumbuka kitu ambacho hakikuingia.

Kadi ndizo zilizonitoa jasho. Mfumo wenyewe ni wa zamani; Sebastian Leitner, mwandishi wa habari za sayansi huko Ujerumani, aliueneza miaka ya 1970. Swali mbele, jibu nyuma. Ukipata, kadi inasogea kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra zaidi. Ukikosa, inarudi cha kwanza. Karatasi ya A4 ukiikunja mara tatu na kuikata unapata kadi nane, kwa hiyo rimu moja inatoa kadi 4,000. Bei ya rimu inategemea duka na siku. Wanafunzi walichanga mia mbili mbili, tukapata na chenji. Visanduku nilivitaka vya viatu, nikaomba kwa wauza viatu. Sikupiga hesabu kwamba watu sitini mara visanduku vitatu ni visanduku mia na themanini, na darasa lina kabati moja lenye mlango mbovu. Tukahamia bahasha za kaki: tatu kwa kila mmoja, zinabanwa ndani ya jalada la daftari. Bahasha A kila siku, B Jumatatu na Alhamisi, C Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa aibu tupu. Nilipokusanya kadi nikakuta mbele imeandikwa "Eleza mvua ya milima" na nyuma aya nzima ya notsi, herufi ndogo kama sisimizi, hadi pembeni. Walikuwa wamehamisha daftari kwenye karatasi ndogo! Halafu wanageuza kadi kabla hata swali halijatua, wanasema "aa, hii naijua", inasogea bahasha C. Kwa siku kumi darasa zima lilikuwa limehitimu. Nikauliza ubaoni: kimya kilekile cha prepo.

Dawa ya kadi nene ni kuivunja. Hiyo ya mvua tuliigawa mara nne. Upepo wenye unyevu unaoleta mvua kusini mwa Kilimanjaro unatoka upande gani? (Bahari ya Hindi, kusini-mashariki.) Kwa nini hewa ikipanda inapoa? (Kanieneo inapungua, hewa inatanuka.) Kwa nini ikipoa inanyesha? (Mvuke unageuka matone.) Kwa nini upande wa pili ni mkavu? (Unyevu umeshamwagwa, na hewa ikishuka inapata joto.) Jibu likizidi maneno kumi na tano, kadi hiyo ni mbili zimejificha. Na neno "kwa nini" liwepo angalau kwenye nusu ya kadi, la sivyo utavuna orodha za majina matupu.

Dawa ya kugeuza haraka ndiyo ninayojisifia, mniwie radhi. Kabla ya kugeuza, jibu linaandikwa kwa penseli, na pembeni herufi moja: U kwa uhakika, N kwa nadhani, K kwa kapa. Mwanafunzi akishaandika U kwa mkono wake mwenyewe, hawezi tena kujidanganya kwamba alikuwa anajua. Kadi ya K iliyokosewa inarudi bahasha A, basi. Kadi ya U iliyokosewa inaingia bahasha ya nne, tumeipa jina Kiburi. Mwanzoni nilidhani hizo ndizo ngumu kuliko zote, kumbe kosa ulilolifanya ukiwa na uhakika linakushtua, na marekebisho yake hushika vizuri kuliko ya kosa la kubahatisha. Lakini kuna mtego: wiki ikipita bila kuligusa tena, jibu la zamani linaweza kurudi kama mdeni mwenye haya aliyepata ujasiri. Kiburi inafunguliwa kesho yake na tena siku ya saba, bila msamaha.

Kwenye usomaji wa ramani kadi hazitoshi, huko ni mazoezi. Zamani nilikuwa natoa maswali kumi ya kipimio, wiki inayofuata kumi ya mwelekeo, kisha kumi ya mteremko. Walikuwa wanapata tisa kati ya kumi, mtihani ukija wanaanguka. Sababu ni kwamba ukijua wiki hii ni ya mteremko, huchagui kanuni, unajaza namba tu. Sasa nachanganya yote kwenye karatasi moja. Alama zilishuka mwezi wa kwanza, wanafunzi wakanuna, mzazi mmoja akaja kuuliza kulikoni. Vumilia hapo, ndipo wengi wanapokata tamaa.

Mfano wa kinachoharibika kwenye kutafuta mteremko, yaani kimo kugawa kwa umbali: ramani ya 1:50,000, pointi mbili zimeachana sentimita 4.8, tofauti ya kimo mita 120. Mwanafunzi anabadilisha vizuri kuwa kilomita 2.4, halafu anagawa 120 kwa 2.4, anapata 50, anafurahi. Mita juu, kilomita chini. Inatakiwa 120 kwa 2,400, yaani 1:20. Kosa hili halitoki kwa kuonyeshwa njia sahihi mara tano. Nawapa kazi iliyokosewa tayari, bila kusema wapi, wanatafuta wawili wawili. Akilikamata kwenye kazi ya mwingine, kwenye yake analinusa.

Na kuna semina moja nilihudhuria, chai na sambusa safi kabisa, tukaambiwa tuwagawe wanafunzi: wa kuona, wa kusikia, wa kushika. Nikaingia kichwakichwa. Wa kusikia nikawaweka nyuma wasimuliane mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa kwenye ramani. Umewahi kusimuliwa kontua? Wa kushika wakafinyanga Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, kwa udongo, kazi nzuri, sare zikachafuka, mteremko hawakuujua. Ramani inasomwa kwa macho hata na mwenye sikio la dhahabu. Mtu anaweza kupenda njia fulani, lakini hakuna ushahidi wa maana kwamba kumfundisha kwa njia anayoipenda kunamfanya ajifunze zaidi. Angalia somo linataka nini, siyo mtoto kabandikwa lebo gani.

La lugha sijalimaliza, nasema wazi. Mtihani ni wa Kiingereza, kufikiri ni kwa Kiswahili. Ninachofanya: mmoja anamweleza mwenzake kwa Kiswahili, msikilizaji lazima aulize "kwa nini?" mara mbili, kisha wote wawili wanajenga sentensi moja ya Kiingereza kwa maneno matatu niliyoandika ubaoni. Ukiruka hatua ya Kiswahili unapata sentensi iliyonyooka isiyo na kitu ndani. Ukiishia kwenye Kiswahili, mtihani utakuumbua.

Kadi iliyokaa Kiburi muda mrefu kuliko zote ni hii: kwa nini asubuhi mapema Kibo inaonekana wazi, na ikifika saa nne imejifunika? Karibu darasa zima liliweka U, jibu lao ni kwamba jua linayeyusha barafu na mvuke wake ndio mawingu. Ni jua kweli, ila linapasha joto miteremko, na hewa yenye unyevu kutoka huku chini inapanda, inapoa, inakuwa wingu. Iliwachukua wiki tatu kuiachia. Dirisha letu linatazama kaskazini, uliko mlima, kwa hiyo kadi hii siku hizi siiandiki ubaoni. Mawingu yakianza kupanda naelekeza chaki dirishani, na wao wanatoa penseli.