Vile nilipigania kipimo cha usugu wa dawa kwa mzee wangu wa ukoma

Mimi ni enfirmie (muuguzi) hapa Bukavu, Kongo, nafuata wagonjwa wa ukoma na kifua kikuu. Kuna mzee mmoja wa mtaa wa Kadutu alimaliza PCT yake yote (ule mchanganyiko wa dawa za ukoma: rifampisini, dapsoni na klofazimini), miezi 12, plaketi za vidonge nilikuwa namhesabia mimi mwenyewe, lakini miaka ikapita akarudi na vinundu vipya masikioni na mgongoni. Hapo kila mtu akawa docta! Mmoja ananiambia hiyo ni reaksio, yaani mwili unawakia vijidudu vya ukoma, mpe prednisoloni ya kutuliza uvimbe tu, mwingine eti anzisha PCT ileile, majirani nao wakasema mzee kalogwa. Jamani, reaksio inakujaga ghafla, mabaka yanawaka, mishipa inauma. Huyu vinundu vilikuwa vinaota polepole, na tulipochanja sikio tukaangalia kwa mikroskopi, vijidudu vimejaa, tena vizima.

Nikataka kujua kama rifampisini bado inamfaa. Shida ni kwamba Mycobacterium leprae, kijidudu cha ukoma, haioteshwi maabara kama ya kifua kikuu, zamani walikuwa wanaidunga kwenye nyayo za panya halafu wanangoja miezi na miezi. Siku hizi wanasoma jeni za kijidudu, ikibadilika dawa yake inashindwa: rpoB kwa rifampisini, folP1 kwa dapsoni, gyrA kwa ofloksasini na wenzake.

Sasa sikieni kilichoniudhi. Kipande cha kwanza cha ngozi, lopitali moja walikitia kwenye formoli (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), eti biopsi zote, vipande vya kupima, ni formoli. Formoli inaharibu DNA! Maabara ikakataa, ikabidi mzee akatwe tena, na hakulalamika hata kidogo: "Kata tu mutoto yangu, kama ndiyo itasema ukweli." Hicho cha pili sikumwachia mtu. Alkoli ya asilimia 70 nilinunua mwenyewe, dola kidogo tu, kipande kikizama humo hakitaki frigo, na kwa huu umeme wetu hiyo ni baraka. Na jina msiandike kwa biki, alkoli ikivuja kidogo wino wote unakimbia. Nilichukua kikaratasi, nikaandika namba ya siri ya mgonjwa kwa kreyo (penseli), nikakitumbukiza ndani ya kichupa pamoja na nyama yenyewe, kifuniko nikakaza nikazungushia sparadra (plasta), kichupa ndani ya pamba, pamba ndani ya boksi la plastiki. Ilifika kavu, hakuna tone lililomwagika!

Jibu lilikawia lakini likaja: rpoB imebadilika, gyrA safi, maana yake rifampisini imeshindwa lakini ofloksasini na wenzake, kama levofloksasini, bado zinafaa. Yaani ningefuata ile "anzisha PCT ileile" mzee angemeza rifampisini ya bure. Tukampa klofazimini kila siku na levofloksasini na klaritromisini kwa miezi 6, kisha klofazimini na levofloksasini miezi 18. Klaritromisini ilitutoa jasho kuipata, tena si ya bure kama PCT. Ngozi imekuwa nyeusi kwa sababu ya klofazimini, nilimwambia mapema asishtuke, na vinundu vinalala.

Bibi yake na watoto niliwaangalia wote. Ile dozi moja ya rifampisini ya kuzuia, inayopewaga waliokaa na mgonjwa, hatukuwapa, kwa sababu kijidudu cha nyumba ile hakiiogopi tena, kwa hiyo wanakuja nawakagua ngozi, na nimewaambia baka lolote lisilosikia waje mbio.