Mzizi mtamu na presha ya shangazi

Shangazi alikuwa akinywa chai ya mzizi wa likorishi kila siku, kwa ajili ya kifua. Presha ikapanda, potasiamu ikashuka, miguu ikaisha nguvu. Daktari aliposikia habari ya chai hiyo, akamwachisha mara moja.

Nimesoma sababu yake, na bado nastaajabu! Ndani ya figo kuna kimeng'enya, 11β-HSD2, kinachogeuza kortisoli, homoni ya msongo, kuwa kortisoni ili isishike vipokezi vya aldosteroni, homoni inayoiamuru figo ihifadhi chumvi. Kortisoli katika damu huizidi aldosteroni mara mia na zaidi, kwa hiyo mlinzi huyo akizimwa, figo hung'ang'ania chumvi na kuitoa potasiamu. Likorishi ndiyo humzima.

Presha ya shangazi sasa inashuka, alhamdulillahi. Wenye presha mnaotumia mzizi huu, mwambieni daktari wenu.