Kufumba macho si kinga

Msimu wa korosho ukilipa, wapo wanaopanga safari ya Dubai, Istanbul au Mumbai, na kati ya mambo ya huko imo leza: kutoa nywele usoni, kumaliza kabisa shughuli ya kuchonga nyusi, kufuta tatuu. Bei na hoteli huulizwa sana. Jicho haliulizwi.

Leza ya nywele hufuata melanini, yaani rangi nyeusi ya mwili, iwe kwenye mzizi wa unywele au kwenye lile duara la rangi linalozunguka mboni. Ngozi ya kope haifiki unene wa milimita 1, na mwanga wa leza wa nanomita 755 au 810 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) huipenya. Sasa weka kidole taratibu juu ya kope uliyoifumba, kisha kaza kufumba. Utahisi kinundu kinapanda: jicho linaviringika kwenda juu, karibu na nyusi, palepale kichwa cha mashine kinapopita. Anayeambiwa "fumba tu, dada" anasogezewa jicho kwenye hatari. Matokeo yake ni uvimbe ndani ya jicho, mwanga kuuma, mboni kuvutika na kupoteza uduara, na wengine hupata mtoto wa jicho.

Kwa ngozi nyeusi kama zetu, mtaalamu mzuri huchagua leza ya nanomita 1064, kwa sababu haiunguzi sana ngozi ya juu. Ni chaguo sahihi kwa ngozi, lakini mwanga huo hauonekani, na lenzi ya jicho huukusanya kuwa nukta moja kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ukali ukiongezeka hadi mara 100,000. Retina haisikii maumivu. Mashine za kufuta tatuu hupiga kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kabla hujawahi kupepesa.

Mwenye nembo ya Kimakonde usoni ajue na hili: leza huvunja weusi wa mkaa uliopakwa kwenye chale, lakini kovu lenyewe hubaki. Kuhatarisha jicho kwa matokeo nusu si biashara nzuri.

Miwani ya mgonjwa inatosha kwa kidevu au kwapa, ikiwa imeandikwa namba ya mwanga wa mashine hiyohiyo pamoja na OD (kipimo cha kuzuia mwanga) 5 au zaidi; OD 5 hupitisha sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 100,000. Rangi ya kioo haikwambii kitu. Karibu na jicho, vinahitajika vikombe vidogo vya chuma vinavyovaliwa chini ya kope: matone ya ganzi kwanza, mafuta ya macho ndani ya kikombe, ndipo kivalishwe. Vya plastiki vinaweza kupata moto. Vikitolewa, usifikiche macho mpaka ganzi iishe, maana utakwaruza kioo cha jicho bila kuhisi. Nywele zilizo chini ya nyusi, ndani ya ukingo wa mfupa, ziachie uzi na kibanio, hata kama kliniki ina vikombe.

Kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa vikombe hivyo. Ukiondoka, dai karatasi yenye aina ya leza, nanomita, nguvu iliyotumika na tarehe. Daktari wa huku hawezi kubahatisha.

Baada ya leza, jipime macho kwa daftari la hesabu lenye vijumba. Weka nukta katikati, funika jicho moja, itazame kwa umbali wa sentimita 30, kisha badili jicho. Mistari ikipinda au pakiwa na doa jeusi, au jicho likiwa jekundu na kuumia mwangani, nenda siku hiyohiyo hospitali ya Ligula kwa aliye Mtwara, ya Sokoine kwa aliye Lindi, umwulizie daktari wa macho. Picha ya retina huenda ikakupeleka Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili au CCBRT. Usinunue matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) duka la dawa ukajitibu: yanaweza kupandisha presha ya jicho huku tatizo lenyewe likiendelea.