Nilivyomchagulia Mama bima ya Medicare

Mama alifikisha miaka 65 Mei 2025, hapa Columbus, Ohio, akiwa amehudumia wazee kwenye nyumba za kulelea kwa zaidi ya miaka kumi. Makato ya mshahara ya miaka hiyo ndiyo yaliyompa Sehemu A ya Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi), ile ya kulazwa hospitali, bila ada ya mwezi. Sehemu B, ya madaktari na vipimo, wengi wetu tunailipia. Mwaka huo ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Mpaka hapo hakuna cha kulinganisha.

Tabu ni kwamba Sehemu B, ukishatoa mfukoni dola za kwanza za mwaka (257 kwa 2025), hulipa asilimia 80 tu. Ile 20 ni yako, na haina kikomo. Kuna njia mbili za kujikinga. Unaweza kununua Medigap, bima ya kampuni binafsi inayoziba pengo hilo, pamoja na Sehemu D ya dawa. Au unaingia Medicare Advantage: kampuni moja inabeba yote, mara nyingi na dawa humo humo, ila kwa kawaida unatibiwa na madaktari walio kwenye orodha yake, na baadhi ya matibabu yanasubiri kibali.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiitetea Advantage tangu mwanzo. Alisema haiongezi hata senti juu ya zile 185, ina meno, miwani, mpaka jimu. "Dada, bure ni bure." Sijui Mama angefanya nini jimu.

Nikahesabu mwaka mzima badala ya mwezi, mara mbili: mwaka wa uzima na mwaka wa ugonjwa. Mpango wa Advantage niliokuwa nautazama ulikuwa dola 2,220 kwa mwaka, yaani Sehemu B peke yake, na kikomo cha malipo ya mgonjwa kilikuwa 5,500. Mwaka mbaya, basi, ungefika 7,720. Medigap ya Mpango G ilikuwa dola 130 kwa mwezi, Sehemu D dola 20. Ukijumlisha na Sehemu B ni 4,020, na zile 257 za mwanzo, ambazo Mpango G haulipi, juu yake: 4,277, augue asiugue. Dawa nikaziweka kando, kwa sababu 2025 sheria iliweka kikomo cha dola 2,000 kwa dawa za Sehemu D, kote kuwili.

Mama alisikiliza hesabu zote, akauliza swali moja: "Sasa mwanangu, hiyo bima itanijua nikiwa Tanga?"

Kila baridi ikianza yeye huenda nyumbani miezi mitatu. Medicare ya asili, yaani Sehemu A na B, karibu haivuki mipaka ya Marekani. Mpango G unavuka kidogo: dharura inayotokea ndani ya siku 60 za kwanza za safari inalipiwa asilimia 80 baada ya dola 250, mpaka jumla ya dola 50,000 maishani. Kwa siku zinazozidi nilimkatia bima ya safari.

Kilichonimalizia ubishi ni mshauri wa OSHIIP, huduma ya jimbo ambayo ni bure na haiuzi bima yoyote. Alinionyesha kuwa miezi sita tangu Sehemu B ianze, ukiwa umetimiza 65, kampuni ya Medigap haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa ajili ya ugonjwa. Baada ya hapo, ukiacha hali chache maalumu, inaruhusiwa kuuliza afya yako. Mama ana sukari. Kutoka Medigap kwenda Advantage baadaye ni rahisi. Kurudi ndiyo shida. Mdogo wangu akanyamaza, ingawa habari ya meno bado anaikumbushia.

Sehemu D niliichagua kwenye Medicare.gov kwa kuingiza majina ya dawa, vipimo vyake na duka tunalonunulia. Mpango wenye ada ndogo kuliko yote haukuwa nafuu zaidi kwa mwaka: kidonge kimoja cha sukari kilikuwa kwenye daraja la bei ya juu.

Hesabu hiyo ya dawa nilirudia mwaka huo huo, kati ya Oktoba 15 na Desemba 7, maana mipango hubadilisha orodha zake kila Januari. Mpango haukubadilika. Sehemu B ndiyo iliyopanda, dola 202.90 kwa 2026, na kikomo cha dawa kikawa 2,100. Meno tunalipa taslimu.